Isale Halitaniwi

Watu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Sibishi. Kama kuku ni wangu na haki ni yangu, ng'ombe wa nini? Nalitaja hili mapema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyekabidhiwa uhai wa Mzee Anaeli Ndesario, Mchaga wa Kibosho, mtani wangu, mtu mbishi kuliko kufuli lenye kutu.

Kazi yangu ilikuwa ulezi wa hatari. Usicheke. Pale Kivulini, shirika letu la bima ya afya, hatari kubwa haiachwi izurure bila mwenyewe. Hupewa mlezi, mtu mmoja mwenye jina, ili mambo yakiharibika asitokee wa kusema, "Mimi nilidhani fulani anashughulika." Wenzangu walilea hatari za mafuriko na za wizi wa dawa. Mimi nililea watu.

Kila mwanachama alivaa bangili ya bima, hata sisi wafanyakazi. Bangili ilisikiliza mapigo ya damu, pumzi, usingizi, hata maneno, na yote yakaenda kwa mashine tuliyoiita Darubini. Kila Jumatatu asubuhi Darubini ilituonyesha nani anaelekea kuugua nini. Haikuwa mpiga ramli, na ilikosea pia. Ila ilipatia mara nyingi kuliko ilivyokosea, na hilo ndilo lililotutisha.

Jumatatu hiyo nukta nyekundu iliwaka kwenye ramani ya ukutani, juu ya Kibosho.

"Nakijwa, mtu wako amepanda," alisema Bi. Zubeda Mkomwa, mkuu wetu wa hatari. Mama mtaratibu, hapandishi sauti hata akikanyagwa kidole. "Mshipa mkubwa wa damu, tumboni. Umevimba. Darubini inasema huenda ukapasuka kabla ya mavuno ya kahawa."

Nikasimama. "Si afanyiwe upasuaji?"

Basi tukaanza desturi yetu. Kila hatari ina njia nne: kuiepuka, kuipunguza, kuihamishia kwa bima kubwa iliyo nyuma yetu, au kuivumilia. Kuepuka tumechelewa, mshipa umeshavimba. Kupunguza maana yake kisu, na kwa umri wake kisu chenyewe ni hatari nyingine. Kuhamisha, wale wa nyuma walikuwa wamefunga mlango tangu homa ya mafuriko ilipotumaliza mfuko. Ikabaki ya nne.

"Tunavumilia," wakasema wajumbe wa kikao mmoja mmoja, mikono juu.

"Samahani," nikasema. "Anayevumilia ni nani? Sisi au yeye? Maana mshipa uko tumboni kwake."

"Nakijwa, kaa chini, mama."

"Basi angalau aambiwe. Mkataba unasema mwanachama akienda hospitali kwa miguu yake kuomba kipimo, tunalipa, hata Darubini inune. Achague mwenyewe."

Chumba kikapoa. Nilikuwa nimegusa Ukimya.

Ukimya ulikuwa sheria ya kwanza ya Kivulini: utabiri wa Darubini hauambiwi mwanachama, kamwe. Wala haikuwa roho mbaya. Miaka ya mwanzo Darubini ilikuwa inasema. Mwalimu mmoja wa Himo aliambiwa figo zake zina mashaka, akaacha kula kwa hofu mpaka akazikwa, figo zikiwa nzima. Wengine walijaa hospitalini na utabiri mkononi, wazima na wagonjwa wakagombania kitanda kimoja, mfuko ukakauka. Waliokuwa wanasafishwa damu kila wiki wakakuta mlango umefungwa. Mmojawapo alikuwa mdogo wake Bi. Zubeda. Kwa hiyo mama yule alipoutetea Ukimya, hakuna aliyemwona katili.

"Kazi yako ni kumtazama," akaniambia taratibu. "Mtazame vizuri."

Ee Mungu wangu. Kumtazama!

*

Nilipanda Kibosho mchana ule ule, mlima ukiwa wazi, mweusi juu mpaka chini. Theluji yenyewe tuliisikia kwa wazee tu. Njiani nilikuwa na hila moja kichwani, na niliiona hila safi.

Hila yenyewe ni hii. Bangili ilipoanza kusikiliza maneno ya watu, ilizusha balaa. Mpare na Mchaga wakikutana msibani wanatukanana mpaka basi, ndiyo utani wetu, tumerithi. Bangili ikadhani watu wanauana. Askari walikuwa wakifika kwenye harusi na pingu, wanakuta watu wanakula pilau. Mafundi wakachoka, wakaifundisha Darubini kwamba maneno ya utani kati ya watani yapite kama upepo, yasipimwe wala yasiripotiwe. Kwa hiyo ningeweza kumwambia mzee kila kitu, mradi nimwambie kwa utani.

Nilimkuta barazani, kinanda cha kanisa kimefunguliwa tumbo mbele yake. Ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, kutengeneza vinanda vya makanisa. Mkewe alikwisha kufariki, watoto wako Ulaya, wanamtumia salamu na masweta.

"Shika mifuko, jamani, Mpare anaingia!" akapaza sauti, kama vile kuna mtu mwingine kwenye kihamba kile, shamba lake la nyumbani, zaidi ya kuku na migomba.

"Mifuko gani, Mchaga wewe? Ungekuwa na kitu mfukoni ungekuwa umeshakiuza."

"Karibu kiti, mtani. Usikibebe tu ukiondoka."

Nikaacha kiti. Nikatupa mkoba chini, nikashika kichwa, nikapiga yowe la msiba.

"Yuuwi! Anaeli amekufa! Jamani Mchaga amekufa, na hela hakusema kazificha wapi!"

Mzee akachangamka kama mtoto aliyeletewa maandazi. Papo hapo akajilaza kwenye benchi, akakunja mikono kifuani, akafumba macho.

"Nimekufa na nini?" akauliza, maiti ile.

"Mshipa! Mshipa mkubwa tumboni umevimba kama mpira wa baiskeli, ukapasuka! Laiti angekwenda hospitali akaomba kipimo cha tumbo! Wangempima bure! Lakini Mchaga na hospitali wapi na wapi, alikuwa anahesabu ndizi!"

"Uwiii," akalia kwa ajili yake mwenyewe. "Na Mpare anataka nini kwenye msiba wangu?"

"Nimekuja kulala kaburini, haki ya mtani! Sitoki mpaka wanao wanilipe!"

Akacheka. Alicheka mpaka machozi, benchi likalia chini yake, mkono ukashika tumbo, tumbo lenyewe lile. Nikaona linavyotikisika.

"Mzee, acha kucheka."

"Mpira wa baiskeli!" Hakuweza hata kupumua. "Wewe mwanamke umetumwa!"

"Mzee, nasema kweli. Nenda kapime."

"Nakwenda, nakwenda! Nikitoka huko napitia kwenu Usangi niwalipe mbuzi!"

Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu. Mtani anaweza kukuambia lolote duniani, na ndiyo maana hakuna anayemwamini. Ningeimba mshipa ule mpaka jua lizame, angenipigia makofi. Maneno yaliyonisitiri mimi kwa Darubini ndiyo yaliyomziba masikio yeye.

Nikakaa kwenye kile kiti. Nilimtazama anavyojifuta machozi kwa mkono wa sweta. Nilimpenda mzee yule, nasema wazi. Nilikuwa nimemlea kwa kazi tangu mkewe alipofariki, lakini ukweli ni kwamba alinilea yeye. Mama yangu alipougua, nani alinipigia simu kila jioni kunitukana mpaka nicheke? Na sasa tumbo lake linahesabu siku, mimi nimekaa na taarifa yake mfukoni kama kitu nilichomwibia.

Nikainuka, nikaenda kwenye uzio.

Kihamba cha Mchaga huzungushiwa masale, ile mimea ya majani marefu inayoonyesha mpaka. Lakini jani la isale lina kazi nyingine, na hata Mpare anaijua. Mtu akikuletea isale mkononi, amekuja kuomba. Humfukuzi, humcheki, wala humkatishi. Hata awe amemwaga damu ya ndugu yako, akikuletea isale unakaa chini unamsikiliza.

Nikachuma moja, nikarudi barazani, nikapiga goti.

Kicheko kikamfia mdomoni. Alitazama jani, akanitazama mimi.

"Nakijwa," akasema. Hakuwa amewahi kuniita jina langu. "Hilo ni la nini?"

"Ni lako, Baba."

"Isale halitaniwi, mwanangu."

"Najua. Ndiyo maana nimelichuma."

Nikamwambia. Bila yowe, bila tusi. Nikataja mshipa, nikataja mavuno ya kahawa, nikamwambia kwamba Darubini inaweza kuwa imekosea, lakini mimi nisingependa kujua hivyo kwa kungoja. Nikamwambia akiomba kipimo mwenyewe hawana njia ya kumkatalia. Kabla sijamaliza, bangili yangu ikapata joto na taa yake ikageuka ya manjano. Neno lilikuwa limevuja, na limeandikwa.

Akalipokea jani. Alilishika kwa mikono miwili.

"Wenzako walisemaje?"

"Walisema tuvumilie."

"Mh. Wavumilivu sana." Akapapasa kinanda kilichofunguliwa. "Mke wangu Ndeshi aliingia chumba kile cha kisu anacheka. Aliniambia nimwekee chai. Chai ikapoa, Nakijwa. Mimi sitaki kufa, ila kile chumba nakiogopa kuliko kufa."

"Naogopa pia."

"Wewe unaogopa nini? Tumbo si langu?"

"Naogopa kukukosa, Baba. Basi."

Akageuza uso, akajifanya anatafuta bisibisi. Baadaye, mgongo ukiwa kwangu, akasema atakwenda Ijumaa.

*

Wakaniita Alhamisi.

Nilitegemea meza ndefu na wakaguzi wenye nyuso za chuma. Nikamkuta Bi. Zubeda peke yake, na birika la chai ya tangawizi. Hilo liliniogopesha zaidi.

"Kaa. Sukari?"

"Nashukuru, mama."

Akanimiminia. "Nimesikiliza bangili yako. Mwanzo ni yowe la msiba, matusi, Mchaga na ndizi zake. Mwisho ni maneno mengine." Akasogeza kikombe. "Darubini imekwama. Imesikia neno isale, lakini haijui kama kweli lilikuwepo mkononi, maana jani halina sauti. Inauliza: mlezi alikuwa bado anatania, au hakuwa anatania? Jibu liko kwako tu."

Nikaanza kuelewa.

"Sema ulikuwa unatania," akaendelea, sauti chini. "Yatapita kama upepo. Kesho uko kazini. Mimi na wewe hatutayazungumza tena."

"Na Mzee Anaeli?"

"Atapelekewa ujumbe, ndiyo utaratibu. Kwamba aliyoambiwa na mlezi yalikuwa utani, asiwe na wasiwasi."

Nikamwona. Nilimwona mzee wangu amesimama mlangoni Ijumaa asubuhi, koti la kanisani mwilini, mguu mmoja nje na mmoja ndani, anatafuta sababu ya kurudi kwenye kinanda chake. Na sababu inaingia mkononi mwake kwa sauti ya bangili.

"Hapana, mama. Sikutania."

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri. Sikutania hata neno moja."

Akaweka kijiko mezani. Ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake ikipanda. "Umemwambia wa kwako. Haya! Na nukta nyingine zote nyekundu ukutani, wale wasio na mtani pale ofisini, niwaambie nini? Niwaambie wote? Tujaze hospitali tena? Tufunge mlango kwa wanaosafishwa damu? Nijibu, Nakijwa, wewe mpenda kesi!"

Sikuwa na jibu. Nisikudanganye, hata leo sina. Mchana nikisema watu wote waambiwe, jioni namkumbuka yule mwalimu wa Himo. Alikuwa na haki mama yule, na mimi nilikuwa na haki, na haki hizo mbili haziketi kiti kimoja.

Ila nilikuwa na swali.

"Mdogo wako, mama. Mfuko ulipofungwa, alijua?"

"Alijua."

"Nani alimwambia?"

"Mimi." Akatazama dirishani, kule mlimani. "Walinikataza. Nikaenda hospitali nikamwambia. Tukakaa wote, akaniagiza mambo yake, nani apewe redio, nani amtazame mama."

"Kwa nini ulimwambia?"

Chai yake ilikuwa inapoa.

"Alikuwa mdogo wangu," akasema.

Akanishika mkono, akafungua bangili yangu kwa ufunguo wake mwenyewe, taratibu, kama mama anayemvua mtoto nguo ili kidonda kisiguswe. Kazi ikawa imeisha. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Nakijwa. Kipimo cha Ijumaa, asubuhi au mchana?"

"Asubuhi."

"Nitahakikisha hakuna ujumbe utakaomfikia."

*

Kipimo kilisema vilevile, na vibaya kidogo zaidi. Daktari alitaka kuurekebisha mshipa kabla wiki haijapita, kwa mkono wa mashine, kupitia tundu dogo la paja. Kivulini ikalipa kama mkataba ulivyosema.

Asubuhi ya upasuaji nilimkuta kitandani kavalishwa gauni lile la hospitali lisilo na mgongo. Isale lilikuwa juu ya mto, limeanza kunyauka.

"Nasikia umefukuzwa kazi," akasema.

"Nimefukuzwa."

"Sasa utanishitaki."

"Nimeshatafuta wakili."

Akacheka kidogo, kwa tahadhari. Nilimwona anavyoutazama mlango wa chumba kile. Akachukua isale, akalitia kiganjani mwangu.

"Sikiliza, mtani. Mambo yakienda kombo, uje kwenye msiba wangu ulale kaburini kabisa. Wanangu wana hela, hao wa Ulaya. Usitoke mpaka wakulipe vizuri."

"Sitaki hela yao, Baba."

Macho yakamtoka.

"Hapo sasa nimeogopa," akasema. "Mpare anakataa hela! Wauguzi, njooni, hali yangu ni mbaya kumbe!"

Wakaja kweli, wakamsukuma na kitanda chake. Kabla ya mlango kufungwa akageuza kichwa.

"Niwekee chai," akasema.

Mlango ukafungwa. Nikashuka kwenye mkahawa wa hospitali, nikanunua chai ya maziwa, nikaipandisha, nikaiweka kwenye kiti cha pembeni yangu. Ilitoa mvuke, kisha ikaacha. Nikashuka nikanunua nyingine. Ikapoa nayo. Nikanunua nyingine tena. Yule dada wa mkahawa akaniuliza kama nina wageni. Nikamwambia ninaye mmoja, ila anachelewa. Sijawahi kuomba Mungu kwa kikombe maishani mwangu, lakini siku ile niliomba. Kila kimoja nilikifunika kwa kiganja kile kile kilichoshika isale.

Nilikuwa nimekiletea kiti kikombe kipya muuguzi alipotoka, amevua barakoa.

"Ndugu wa Anaeli Ndesario?"

Nikasimama. Chai ikanimwagikia kidoleni na sikuhisi.

"Mimi."

Akaitazama skrini yake. "Humu nina watoto wawili, wako nje ya nchi. Wewe ni ndugu yake wa namna gani?"

Mkononi sikuwa na bangili. Mlezi wa hatari sikuwa tena. Mkwe si mkwe, jirani si jirani.

"Mtani wake," nikasema.

Muuguzi akanitazama juu mpaka chini, akaliona jani mkononi, akasogea mlangoni akanipisha.

Alikuwa amelala, mipira puani, uso umepungua. Mashine kando yake ililia polepole, mapigo baada ya mapigo. Nikaweka chai mezani. Ilikuwa bado ya moto. Jicho moja likafunguka, likazunguka chumba, likanikuta mimi.

"Mpare," akanong'ona.

"Naam, Baba."

"Rudi kwenu. Leo hakuna maziko."

Nilitafuta tusi la kumjibu. Yote niliyokuwa nayo, ya kurithi na ya kujitungia, yalikuwa yamekwisha. Nikakaa pale kitandani, nikaushika mkono wake, nikalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa.